Pikipiki ya Lindsay Haipandi Trela

Jumanne ya pili ya Agosti, Lindsay alimaliza uji wake, akasuuza bakuli, akachukua kitambaa changu kipya cha kufutia vyombo bila kuniomba, akaelekea bandani. Nikamwambia kitambaa hicho si cha grisi.

"Grisi gani, mke wangu? Nakwenda kumfuta pistoni uso."

Nilicheka, nikachukua kitabu changu cha nyimbo, nikaenda kwaya.

Nilirudi saa saba kasoro, na jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba nyumba hainukii vitunguu. Jumanne nyingi nikitoka kwaya nilikuta ameoka trei nzima ya vitunguu, madirisha yote wazi hata wakati wa baridi, naye anasema, "Nimekuanzishia chakula." Wanawake wa kwaya walijua habari hiyo, na wawili watatu walinionea wivu. Siku hiyo jiko lilikuwa baridi. Nilimkuta bandani, amekaa juu ya kreti ya matufaha, ameegemea ukuta, pistoni mapajani, imefungwa vizuri ndani ya kitambaa changu. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hakusikia maumivu. Sijui alijuaje, ila nilimshukuru.

Kwenye chai baada ya mazishi, Athol Pybus alinivuta kando. Athol ni mwenyekiti wa chama cha pikipiki ndogo za zamani hapa bonde la Huon, mtu mrefu anayeinama akizungumza, kama anayetafuta nati aliyoidondosha. Chama kina safari moja kubwa kwa mwaka, Jumapili ya pili ya Machi, kutoka Huonville mpaka Dover. Mwanachama akifa, pikipiki yake ndiyo inayoongoza safari inayofuata, ikiendeshwa na mtu wa nyumbani kwake, na hakuna anayeruhusiwa kuipita. Ikiwa haiwaki, inapandishwa kwenye trela na kufuata nyuma.

"Shemeji, usijisumbue," Athol alisema. "Trela langu nimeshalifagia."

Sasa, Lindsay alikwenda safari hiyo miaka ishirini na sita mfululizo kwa Bantamu, pikipiki ndogo ya mwaka 1951 aliyoachiwa na baba yake, na kila mwaka alisimama mbele ya wenye matrela akawaambia, "Pikipiki inayobebwa ni kabati." Walimzomea, naye akafurahi. Nikiwaza kabati hilo likifika Dover limefungwa kamba, niliweka kikombe chini.

"Itakwenda kwa magurudumu yake," nikasema.

Athol aliangalia kikombe chake kwa adabu. Alijua, nami nilijua, kwamba injini ilikuwa vipande vitupu, imegawanywa ndani ya makopo kumi na moja ya biskuti.

Aliyesikia maneno yangu na kuyachukulia kwa uzito ni wifi yangu Noreen, mdogo wake Lindsay, mwenye miaka sitini na tisa. Akiwa msichana alikuwa akiwapelekea wachuma matufaha chakula kwa Bantamu hiyo hiyo, mpaka siku aliporuka nayo mtaro na sufuria ya supu, baba yao akamnyang'anya ufunguo. Leseni yake hakuiacha ife. Ila injini hakuwahi kuifungua, na mimi nilikuwa sijawahi hata kuishika.

Alikuja Septemba na aproni yake ndani ya mfuko.

"Twende bandani, wifi."

"Siwezi kuingia kule."

Aliniangalia kidogo. "Basi banda litakuja jikoni," akasema, akaanza kubeba makopo.

Tulitandika magazeti mezani. Ndani ya kopo la kwanza tulikuta daftari la Lindsay, daftari la shule lenye jalada la bluu, ambamo aliandika kila alichokuwa akifanya, hatua kwa hatua, tangu mara ya kwanza alipoifungua injini ile. Niliposoma mwandiko wake ilibidi nisimame nikajaze birika. Birika lilikuwa limejaa tayari. Noreen akawa anapanga spana kwa urefu.

Tulikubaliana: mimi nasoma, yeye anafanya. Halafu mikono yake ikawa inauma kwa baridi yabisi, tukabadilishana, na ndivyo nilivyojifunza.

Sehemu ya beringi ndiyo iliyonikalisha kitako. Ganda la injini ni la aluminiamu, na beringi mpya huingia kwa kubana sana. Daftari lilisema hivi, nami nilisoma kwa sauti:

"Beringi zilale kwenye friza, chini ya njegere. Ganda liingie ndani ya jiko, joto mia na ishirini, dakika arobaini. Ngoja G. aende kwaya. Fungua madirisha. Oka vitunguu kuua harufu."

G. ni mimi. Glenys.

Nilirudia mstari wa mwisho. Nikafungua kurasa za nyuma: vitunguu. Mwaka mwingine: vitunguu. Miaka kumi na tisa ya vitunguu.

"Wifi," Noreen alisema, midomo ikimtetemeka, "ulisema anakuokea kwa mapenzi."

"Niliwaambia kwaya nzima!"

"Na skonzi zako?"

Skonzi zangu, nilizooka kwenye jiko hilo hilo. Mwaka mmoja mwamuzi kwenye maonyesho ya Franklin aliandika kwenye kadi yangu, "Ladha isiyo ya kawaida." Nililaumu siagi. Tulicheka mpaka Noreen akashika ubavu, na mimi nikalia kidogo katikati ya kicheko, kisha tukaliingiza ganda la injini ndani ya jiko mchana kweupe, madirisha yamefungwa, bila kitunguu hata kimoja. Lilipotoka, beringi zilizoganda barafu zilidondokea mahali pake zenyewe, tuk, tuk, kama mayai kwenye kiota.

"Huyu kaka yako alikuwa mwongo," nikasema.

"Fundi," alisema Noreen. "Ni jamii moja."

Kazi ilikwenda polepole. Miti ya matufaha ikatoa maua, ikazaa, na sisi bado tuko na krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Pistoni niliivisha mimi mwenyewe. Ina ringi mbili, na ncha za kila ringi lazima zikutane kwenye kijipini chake, la sivyo zitanasa kwenye matundu ya silinda na kuvunjika. Nilizibana kwa vidole, Noreen akateremsha silinda, akinung'unika, "Ingia, mtoto, ingia, usimwaibishe bibi yako." Ikaingia. Kitambaa changu cha vyombo nilikifua, lakini alama ya duara ya pistoni haikutoka. Nimeacha kujaribu.

Ijumaa kabla ya safari tulifika kwenye taimingi, yaani kupanga cheche iruke pistoni ikiwa milimita nne kabla ya kufika juu kabisa. Lindsay alikuwa akiipima kwa sindano yangu ya kufumia, akiiteremsha kwenye tundu la plagi. Hilo pia nilikuwa silijui. Fulana ya mwisho niliyomfumia ina harufu ya petroli begani. Noreen alichukua rula ya mbao ya mumewe aliyekuwa mwalimu, akapima milimita nne, akaweka alama kwenye sindano kwa rangi yangu ya kucha. Tukapanga. Tukafunga. Tukachanganya oili sehemu moja na petroli sehemu ishirini kwenye chupa ya jemu, kama daftari lilivyosema. Tukaisukuma Bantamu mpaka uani, mgongo wake ukielekea banda la kuku.

Noreen akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Mara ya saba kiki ilimrudishia teke la mguu, akatukana tusi ambalo sijalisikia tangu mama mkwe wangu afe, na injini ikawaka.

Ikawaka! Moshi wa bluu, na ile sauti yake ya kukatakata, kama mtu anayesimulia habari huku ana haraka. Sikuwa nimeisikia tangu Machi iliyopita. Niliweka mkono kwenye tangi, likatetemeka.

"Panda!" nikapiga kelele.

Noreen alipanda, akakanyaga gia ya kwanza, akaachia klachi taratibu, na Bantamu ikarudi nyuma.

Haikuteleza. Iliondoka, kwa nguvu zake zote, kinyumenyume, na wifi yangu juu yake anaangalia mbele kwa mshangao mkubwa. Walipita kwenye kamba ya nguo, wakachukua shuka, wakaingia banda la kuku kwa upande wa mlango. Injini ilizimika. Kuku walitoka mmoja mmoja, kisha shuka, kisha Noreen.

"Wifi," alisema ndani ya shuka, "breki ya kurudi nyuma iko wapi?"

Na hapo ndipo Athol Pybus alipoingia getini na trela lake.

Alishuka kwenye gari, akatuangalia, akaangalia banda la kuku, na nilimwona anavyopigana na uso wake. "Inakwenda vizuri sana, shemeji," alisema. "Ni Dover tu iko upande mwingine."

"Cheka umalize, Athol," alisema Noreen, "halafu utwambie tatizo ni nini, ama urudi na trela lako ukabebee viazi."

Athol akachuchumaa. Injini za namna hii, alisema, cheche ikiruka mapema mno, pistoni husukumwa chini kabla haijafika juu, na injini haijali. Huzunguka kinyume na kufurahi. Akaomba sindano. Akaomba rula. Aliigeuza rula mkononi, akaweka ukucha wake pembeni.

"Mama Noreen, rula hii sifuri yake haianzii ukingoni. Kuna kipande cha mbao kitupu kwanza."

Kilikuwa milimita nne kamili. Tulikuwa tumepanga nane.

"Miaka thelathini," alisema Noreen, "mume wangu alifundisha hesabu kwa rula hiyo."

Athol alinyoosha mkono kuchukua bisibisi. Nilimwahi. "Nionyeshe," nikasema, "lakini usiguse." Alirudisha mkono mfukoni, akanionyesha kwa kidevu. Ilichukua mpaka jioni. Kiki ya pili ikawaka, na Noreen akaenda mbele mpaka getini, akazunguka, akarudi. Athol aliondoka na trela tupu, likigongagonga barabara nzima.

Jumapili tulikuwa pikipiki thelathini na mbili, Bantamu mbele. Noreen aliendesha, mimi nilikaa nyuma nilipokuwa nikikaa siku zote, ila kiuno nilichoshika kilikuwa cha mwingine. Tambarare ya kando ya mto tulikwenda vizuri. Kwenye kilima baada ya Geeveston injini ilianza kulia.

"Shuka, wifi!" Noreen alipaza sauti. "Kitambi chako kinatuua!"

"Na chako?"

"Changu kina leseni!"

Nikashuka nikatembea pembeni, mkono kwenye kiti, Bantamu ikipanda kwa mwendo wa miguu yangu. Niligeuka nyuma. Hakuna aliyepita. Pikipiki thelathini na moja zilikuwa zimejipanga kwenye gia ya kwanza, zikitoa moshi, zikichemka, na zingine zimezimika na wenyewe wanazisukuma. Athol alikuwa anasukuma yake, jasho linamtiririka.

"Ongeza mwendo, shemeji!" alisema. "Konokono anatupigia honi!"

"Pita basi!"

"Sipiti."

Nusu saa kilima kile kilituchukua. Juu nilipanda tena, na tukateremka Dover wote pamoja, na hakuna kilichobebwa.

Safari ya kuongoza ni mara moja tu. Mwakani Bantamu itarudi kwenye nafasi ya Lindsay, ya nane kutoka mbele. Sasa inakaa kwenye veranda ya jikoni, na kila Jumanne saa nane, baada ya kwaya, Noreen ananifundisha kuiendesha.