Kuonja Mto

Kila alfajiri, kabla maji hayajaingizwa kwenye shamba la mpunga, Mbeyu alichota maji ya mto kwa kiganja, akayaonja, kisha akamwambia mumewe, "Fungua." Mwaro alikuwa akilingoja neno hilo mdomoni mwa mfereji, jembe begani. Hapo kijijini Ozi, bahari ikijaa huusukuma mto hadi mashambani, na mpunga hunywa bila mtu kubeba ndoo.

Leo Mbeyu alitema.

"Chumvi?" Mwaro aliuliza.

"Onja mwenyewe."

Hakuonja. Alimtazama mkewe usoni. Msimu uliopita chumvi iliunguza mpunga wote, na binti yao Christine akapiga simu: "Mama, ikirudi tena, njoo Malindi unilelee mtoto. Huko mnajitesa bure." Mbeyu alikubali. Mwaro, aliyekuwa ameketi kando yake, alikohoa tu, kama kawaida yake.

"Unangoja nini?" Mbeyu alimhimiza sasa. "Maji yanapanda, miche itakufa!"

Wakashuka mferejini, wakajaza matope kwenye magunia na kuyapanga ili kuziba njia ya maji. Mara Mwaro akaanza kuongea.

"Miche tutaihamishia kule juu ya mto, shambani kwa Kassim. Kwake maji bado matamu, na nafasi ameniambia ipo. Hapa tutainua tuta. Pembeni tutapanda minazi, mnazi hauogopi chumvi. Halafu kuna ile mbegu inayokomaa upesi..."

"Baba Christine, umemeza redio?"

"Nasema tu."

"Tangu unioe sijasikia maneno mengi hivi. Lete gunia."

Alileta, likamponyoka, matope yakamrukia Mbeyu usoni. Mbeyu akacheka hadi akajishika kiuno. Mwaro hakucheka. Alimpangusa shavu kwa mgongo wa mkono, taratibu, na mkono ukakawia pale.

Maji yalifika kwenye magunia, yakasukuma, yakasimama. Upande wa pili miche ilikuwa bado kijani, mizima.

"Haya, tumeyazuia," Mbeyu alisema. "Sasa niambie. Mara Kassim, mara minazi, mara mbegu. Unataka kusema nini hasa?"

Mwaro alikohoa. Mbeyu alingoja, safari hii hakumsaidia.

"Usiende Malindi, Mbeyu," alisema. "Miche naweza kuihamisha peke yangu. Kukaa hapa bila wewe ndiko nisikoweza."