Neno la Mwisho la Maxine

Lifti ilikuwa imeharibika tena, na Paulette akapanda ngazi za jengo lile la Deptford huku akizitukana. Alikuwa ametoka moja kwa moja jikoni, kwenye shule anakowapikia watoto wasiojua kushukuru. Miguu imemvimba, kifua kinapiga filimbi kwa pumu, mkononi chupa ya supu ya kuku. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa siku ile tu.

Asubuhi alikuwa amepigiwa simu na kijana wa redio. Walikuwa na kipindi cha kuwakumbuka marapa wa London wa mwishoni mwa miaka ya themanini, na walimtaka yeye na Maxine, wale mabinti wawili waliojiita Kitana cha Moto.

"Samahani mama," kijana aliuliza, "wewe ndiye yule aliyekuwa anamalizia mistari?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naanza," Paulette alimjibu, akakata simu.

Nani anamkumbuka anayeanza? Na mtindo wenyewe ulizaliwa na ugonjwa. Pumu ilimkata pumzi mwisho wa kila mstari, basi Maxine akawa analidaka neno la mwisho ili mwenzake asiaibike. Magazeti yakasema ni ubunifu wa ajabu. Wao wakanyamaza na kuchekea chooni. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Sasa Maxine alikuwa amepigwa na kiharusi, na tangu baridi ilipoanza hakuwa ametamka neno. Jumatatu binti yake, Renée, angempeleka Leeds, kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa iliyo karibu na kwake. Paulette alitaka kitu kimoja tu kabla ya hapo: kujua kama Maxine bado anamjua. Kama hamjui, basi ujana wao wote umebaki kichwani mwa mtu mmoja, na kichwa chenyewe kimechoka.

Renée alimfungulia mlango, mkanda wa gundi wa kufungia maboksi mkononi. "Anti, umepanda ngazi na kifua hicho? Unataka tukuzike wewe kwanza?"

"Nizikeni, angalau nitalala. Yuko wapi?"

"Dirishani. Lakini usijipe moyo, Anti. Hata mimi ananitazama kama mtu wa kusoma mita."

Maxine alikuwa amekaa kitini, mdomo umeelemea upande mmoja. Paulette akavuta stuli na kumlisha supu. Akamwambia habari za redio, za wazee wao Jamaika, za yule dada msusi aliyewaunguza masikio kwa kitana cha moto akiwanyoosha nywele, wakapata na jina. Maxine alimeza supu na kutazama maegesho ya magari. Hakugeuka hata mara moja.

Chupa ikaisha. Paulette akaona uchungu, akaona na hasira. Amepanda ngazi zote hizi kuja kumlisha mtu asiyemjua! Akainuka aondoke, kisha kwa ukaidi tu akaanza ule wimbo waliomwimbia bosi wao wa studio, akigonga paja kwa kiganja:

"Bosi kavaa suti, mkanda kaubana kama kamba,
Akikalia kiti chake, kazi yake ni..."

Pumzi ikamwishia palepale ilipokuwa ikimwishia siku zote. Akainama, akahema.

"Kujamba," akasema Maxine.

Lilitoka kwa shida, limepondeka, lakini lilitoka. Renée akadondosha mkanda wake. "Mama! Mama kasema!" Akapiga magoti mbele ya kiti, akicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akamshika Paulette mkono, akashusha sauti kama mtu anayeficha aibu ya mzazi.

"Ila maskini, kasahau. Hiyo sahani yenu ya muziki nimekua nayo, Anti. Ni 'kutamba'."

Paulette alijua zaidi. 'Kutamba' lilikuwa la sahani, la bosi na la dunia nzima. Lile jingine waliliimba chooni, wakati wa mazoezi, mlango umefungwa, wawili peke yao.

Maxine sasa alikuwa amegeuka. Alikuwa akimtazama yeye, na ule upande mzima wa mdomo ulikuwa unacheka.

"Hapana, mwanangu," Paulette akasema, akikaa tena kwenye stuli. "Hajasahau kitu."