Vitanda Havienei Kwenye Sinia

Bi Kudra alikuwa uani kwake akisugua sinia kwa jivu na kumbi la nazi, huku akimsema wifi yake peke yake kwa kukosa wa kumsikiliza. Kijiji kilikuwa kipya, nyuma ya Tingi, nyumba zimepangwa mstari kama askari wa gwaride, na wasikilizaji wake wote wa zamani walikuwa wamepakiwa kwenye malori wakashushwa vijiji vingine vya ujamaa. Sinia lilipoanza kung'aa, akamwona ndani yake Tawakali, jirani yake wa kule kwao, aliyehamishiwa upande wa Mchinga. Alikuwa anasuka ukili.

"Hodi," akasema Kudra.

"Karibu," akajibu Tawakali bila kuinua macho. "Umekonda."

"Wewe umenenepa. Nani anakulisha?"

Wakazungumza mpaka adhana ya magharibi. Kesho yake walijaa wanawake kwenye sinia, na haukupita muda Kudra akawa anaonekana kwenye masinia ya watu kuanzia Pande hadi Mchinga, kila siku baada ya swala ya alasiri. Bara wakati ule hakukuwa na televisheni. Bakari fundi cherehani, aliyewahi kuiona Unguja kwa macho yake, alisema hiyo hiyo ndiyo televisheni, ila ya Unguja ukiisalimu haikujibu.

Sinia lilitakiwa lioshwe vizuri. Lenye mabaki ya mchuzi lilileta watu wa manjano, na yale yenye maua yaliwaotesha wageni waridi puani. Tena Kudra hakuingia nyumba ya mtu bila hodi. Asipoitikiwa karibu, mwenye nyumba aliona uso wake mwenyewe tu.

Kila alasiri alialika mgeni nyumbani kwake, akaketi naye mkekani mbele ya sinia. Maswali yake hayakuwa mengi. Alisogea, akashika kidevu, akasema, "Hebu nieleze, ilikuwaje?" na mtu akaeleza hata asichokusudia. Sipriani, aliyekuwa na mke Pande na mwingine Mchinga, kila mmoja akijiona wa pekee, alieleza vizuri hivi kwamba wake wote wawili, kila mmoja kwenye sinia lake, walicheka kwanza ndipo wakakumbuka kulia.

Siku aliyokuja Petro, ambaye nyumba yake ilikuwa imeungua, mwanamke mmoja wa Pande aliweka khanga kwenye sinia lake. Khanga ikatokea kwenye sinia la Kudra, ikinuka samaki wa ng'onda. Tangu hapo misaada haikukatika: sukari, sahani, miwani ya mwalimu wa madrasa. Chochote kilichoenea kwenye sinia kilifika.

Kitanda hakienei kwenye sinia. Kwenye zahanati ya kijiji wanawake walijifungulia kwenye sakafu ya saruji. Mtoto wa kwanza wa Sada, binti yake Kudra, alizaliwa masika juu ya saruji ile, akashikwa na kifua, akafa kabla hajapewa jina. Sasa Sada alikuwa na mimba nyingine. Kudra akawaomba watazamaji wake vitanda. Nazi na korosho zikamiminika kwenye sinia mpaka ua ukajaa, zikauzwa, vikanunuliwa Lindi vitanda vya chuma na magodoro yake. Lakini ilibidi vije kwa lori kama vitanda vingine, na lori lilipitia kwa Bwana Likwata, msimamizi wa maendeleo.

"Viko njiani," alisema Likwata kila alipoulizwa.

Kudra akampigia hodi kila alasiri. Likwata aliisikia, akaendelea kula wali. Tumbo la Sada likazidi kukua.

Hatimaye mama yake Likwata, Bi Martina, akaja kumtembelea mwanawe kutoka kwao, mbali na pwani. Alikuwa anamenya mihogo siniani hodi ilipotoka chini ya maganda.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Likwata, nyumba hii hamwitikii wageni?"

Masinia yote yakaonyesha. Likwata alikuwa amejilaza juu ya kitanda kipya cha chuma. Cha pili kilikuwa na kuku. Cha tatu kilianikiwa makopa ya muhogo, na vingine viliegemezwa ukutani.

"Shikamoo mama," akasema Kudra.

"Marahaba."

Likwata akainuka, akavaa shati, akafunga vifungo vyote.

"Bwana Likwata, vitanda hivyo. Hebu nieleze, ilikuwaje?"

"Zahanati inavuja, Bi Kudra. Chuma na maji havipatani. Mimi navitunza."

"Na kuku?"

"Kuku ndio walinzi."

Mchinga nzima ikasikika ikicheka.

"Na hicho cha makopa?"

"Kinapimwa nguvu. Kikiweza makopa, kitamweza mzazi."

Kudra, aliyekuwa amejiandaa kumuumbua mbele ya watu, akajikuta anauliza tena, kwa hamu tu ya kujua atajibu nini. Alicheka mpaka ushungi ukamteleza.

Kesho yake hakuna aliyeuliza vitanda. Waliuliza, "Yule bwana anarudi lini?" Akarudi. Akawa mgeni wa kila Ijumaa.

"Mama, muulize vitanda," Sada akasema.

"Nitamuuliza. Leo anamalizia alivyofukuzwa na nyuki."

Ijumaa moja alimuuliza kweli, mbele ya wote. Likwata akanyanyua mto wake, akauweka siniani. Ukatokea kwa Kudra ukiwa bado na joto la kichwa chake. Vigelegele vikapigwa Pande, vikapokewa Mchinga.

"Vitanda haviwezi kupita," akasema Likwata kwa masikitiko. "Vingepita, mngekuwa navyo leo."

Uchungu ulimshika Sada Ijumaa iliyofuata. Mboni, muuguzi, akatandika khanga juu ya saruji. Mtoto wa kike akazaliwa wakati wa alasiri, akapiga chafya. Kudra alikuwa na sinia pembeni, na Likwata alikuwa ndani yake, shati limepigwa pasi, akitaka kumwona mtoto wa mto wake.

Kudra akaliinamisha sinia ili waone vizuri: saruji, maji yaliyotuama, khanga iliyolowa, mgongo wa binti yake ukitetemeka, na chini ya kichwa ule mto.



"Bi Kudra," sauti ya mwanamke wa Pande ikasema, "inua kidogo. Tunaona sakafu tu, mtoto hatumwoni."

Kudra akalishikilia pale pale. Mchinga nao wakaomba, kwa adabu. Mkono ukamchoka. Akaliinua.