Siku Zana Zilipolala

Dege la mabomu lilikuwa limepandishwa juu ya magogo manne, magurudumu yakining'inia hewani kama miguu ya kizee aliyenyanyuliwa kitandani ili abadilishiwe shuka. Jaswinder, ambaye alfajiri ile ile alikuwa amenyanyuliwa vivyo hivyo, alilitazama kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, akacheka puani.

"Nawe umefika," aliliambia.

"Mama, njo hii tulitoka Southall kuja kuona?" aliuliza Marie-Claire, aliyekuwa akimsukuma. "Treni moja na mabasi mawili, kwa hiki chuma?"

"Heshima, mwanangu. Tuna umri mmoja. Tofauti yetu ni kwamba lenyewe limepakwa rangi."

Marie-Claire alicheka, lakini hakulisogelea. Kwa miaka minne alikuwa akija kumhudumia Jaswinder nyumbani. Siku ya kwanza alipokuwa akihangaika kumwuliza habari za vidonge kwa Kiingereza cha kuokoteza, Kiswahili kikimponyoka katikati, bibi yule wa Kipunjabi alimkata: "Sema Kiswahili tu, tusichoshane." Mmoja alizaliwa Nairobi, mwingine Sake, karibu na Goma, kila mmoja akacheka matamshi ya mwenzake, na tangu hapo nyumba ikapata sauti. Watoto wa Jaswinder walipiga simu Jumapili, kwa Kiingereza, wakiwa na haraka.

Dege lenyewe lilizaliwa limechelewa. Lilipotoka kiwandani, vita vikuu vilikuwa vimekwisha, likawa kama mpiga ngoma aliyefika harusini watu wakikunja mikeka. Likatafutiwa kazi. Likapelekwa Kenya, ambako kulikuwa na misitu, na misituni kulikuwa na watu. Lilipomaliza huko likarudi Uingereza, likafundishia vijana kuruka, kisha likasahauliwa pembeni ya uwanja, njiwa wakataga humo miaka kumi na moja. Wazee wapenda vyuma wakalihurumia, wakalisugua, wakaliweka katika jumba hili la makumbusho kaskazini mwa London, watoto wa shule wakawa wanakula biskuti chini ya tumbo lake. Sasa paa lilikuwa linavuja na jumba linafungwa. Jumatatu lingekatwa kwa msumeno. Pua imenunuliwa na tajiri mmoja anayetaka kuiweka bustanini, kinachobaki kitayeyushwa.

Hayo yote walielezwa na mzee wa Kiingereza aliyevaa kofia, mlinzi wa kujitolea, machozi yakimlengalenga kama anayezika mke.

"Huenda likatoka sufuria," Jaswinder alimnong'oneza Marie-Claire. "Nikalipikia dengu."

Alikuwa amemwambia Marie-Claire kwamba anakuja kuiaga kazi ya baba yake. Namba ile mkiani ndiyo aliyokuwa akiitaja baba mezani, kama wengine wanavyotaja jina la ng'ombe wao. Huo ulikuwa ukweli, ila nusu. Nusu ya pili ilikuwa imekaa kifuani miaka sabini. Mumewe alikufa bila kuijua. Ilitendeka kwa Kiswahili, na Jaswinder hakuona namna ya kuisema kwa lugha nyingine. Na London nzima, aliyebaki wa kusema naye Kiswahili ni huyu mmoja, ambaye mdogo wake wa kiume aliuawa na bomu lililotoka angani, akiwa anachota maji. Kumwambia yeye ni kumpa aliyeungua chungu cha moto akushikie. Kutomwambia, Jumatatu msumeno utaingia.

"Nisogeze chini ya tumbo," alisema.

Marie-Claire alimsogeza, akafunga breki. Juu yao milango miwili mirefu ya kuangushia mabomu ilikuwa wazi, na ndani giza tupu.

"Milango hii baba ndiye aliyekuwa akiirekebisha. Ikikwama, anaitwa yeye. Sisi ni ukoo wa mafundi, Marie-Claire. Siku inayofuata Diwali hatugusi zana. Tunaziosha, tunazipaka mafuta ya haradali, tunazifunga uzi mwekundu, tunazilaza juu ya kitambaa kama watoto wachanga. Hata kisu cha vitunguu kinapumzika. Tunakula viporo na kujiona wacha Mungu."

"Ni vizuri," alisema Marie-Claire.

"Ngoja kwanza. Tulikuwa na yaya, Yaya Wangeci, Mkikuyu. Kiswahili hiki unachonicheka ni chake. Mwanawe, Ndirangu, alikuwa msituni na wenzake wakipigana na Wazungu, na njaa imewabana. Ili wapate chakula, lazima wavuke bonde lisilo na mti hata mmoja. Mimi sikuyajua hayo. Nilikuwa na miaka tisa. Jioni ananisuka nywele, akaniuliza taratibu, kama anayeuliza habari ya mvua: dege la baba yako litaruka kesho? Nikamjibu, haliruki. Zana zinalala."

Marie-Claire aliacha kuchezea zipu ya koti lake.

"Sikudanganya. Kwangu mimi zana za dunia nzima zilikuwa zile za baba. Nilidhani zikilala zile, kila kitu kimelala. Sikujua kwamba Wazungu wana mafundi wao, na wao Diwali hawaijui. Yaya akaomba ruhusa ya kwenda kununua mafuta ya taa. Akakawia; baadaye nikajua alikwenda kupeleka jibu langu." Jaswinder alilamba midomo. "Asubuhi, saa mbili, likapita juu ya nyumba yetu. Vikombe vikalia kabatini. Yaya alikuwa anachagua mchele. Mkono ukasimama."

"Na baba yako?"

"Amelala. Ilikuwa sikukuu."

Maji ya paa yalidondoka ndani ya ndoo.

"Yule mama alikuambia nini?"

"Siku ya nne, akiwa amekwisha kumlilia mwanawe, alirudi kazini, akaniketisha, akanisuka. Nilingoja anivute nywele. Nilitamani anivute, Marie-Claire. Hakunivuta."

Marie-Claire aligeuka. Aliondoka. Alitembea hadi mwisho wa ukumbi, akasimama akiwa amempa mgongo, mikono imeshika mabega yake mwenyewe. Jaswinder hakuweza kujisukuma, na breki ilikuwa imefungwa. Alitafuta mzaha mdomoni mwake, mahali ambapo siku zote alikuta mmoja wa akiba, akakuta pakavu. Hakumwita. Mtu akiwa na haki ya kukuacha, usimwite.

Aliketi chini ya milango ya baba yake, akatazama juu. Kwa mara ya kwanza hakuona bawaba zilizotiwa mafuta vizuri. Aliona tundu.

Hatua zilirudi, polepole. Breki ikafunguliwa kwa mguu, bila upole na bila ukali, na kiti kikarudi nyuma hadi kikatoka kwenye kivuli cha tumbo lile, karibu na ukuta.

"Pale chini si mahali pa kumkalisha mtu," alisema Marie-Claire.

Alivuta stuli, akaketi, si karibu sana. Wakalitazama dege pamoja.

"Alikuwa na miaka mingapi, ule kijana?"

"Kumi na tisa."

"Wetu ishirini na moja."

Mzee wa kofia alikuja akitikisa funguo, akawauliza kwa adabu kama wamemaliza kuliaga. Jaswinder alimgeukia Marie-Claire, kwa kuwa jibu halikuwa lake.

Marie-Claire alimjibu kwa Kiingereza, macho yake yakiwa bado kwenye ile milango, kwamba bado.