Moyo Uliopunguzwa

Fundi cherehani alipoanza kuvimba miguu, mkewe ndiye aliyetambua kwanza, maana miaka ishirini na sita alikuwa amekaa pembeni yake kwenye kibanda chao, akishona vifungo na kukunja pindo. Aliona kamba za viatu zimeachwa wazi. Kisha akaona mume analalia mito mitatu, kwa sababu akilala chali pumzi zinamkatika. Siku Fundi aliposimama mara mbili kupumzika katikati ya mshono mmoja, mke alifunga kibanda akamwambia twende hospitali. Fundi, mbishi wa kubisha hata saa ya ukutani, alivaa koti bila neno. Hapo ndipo mke alipoogopa.

Daktari, binti mwenye sauti ya upole, aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee, moyo wako umekuwa mkubwa."

"Huyu mke wangu ananiita bahili," Fundi akasema. "Hebu mwonyeshe hiyo picha."

Daktari alicheka kidogo, kisha akaacha. Akaeleza kwamba presha ya miaka mingi, isiyotibiwa, imeulazimisha moyo kusukuma damu kwa nguvu kupita kiasi, mpaka umetanuka na kulegea.

"Kama lastiki ya kiunoni," Fundi akasema.

"Ndiyo, kama lastiki."

"Sasa mnafanyaje?"

"Tunapunguza. Tunapunguza maji mwilini, wewe unapunguza chumvi, dawa zinaupunguzia moyo kazi. Ukimeza kila siku, hata moyo wenyewe unaweza kupungua."

Kupunguza. Neno hilo walilijua kuliko daktari. Kila wiki mtu aliyekonda huleta suruali yake, wanafumua mshono, wanakata, wanashona upya, na mwenyewe anaondoka imemkaa. Kesho harudi kupunguziwa suruali ileile.

Dawa zilifanya kazi kweli. Miguu ilinywea, mto ukabaki mmoja, na cherehani ikasikika tena hadi jioni. Miezi mitatu ilipita. Vidonge vilipobaki vya siku mbili, Fundi alisema kesho atapita hospitali kuchukua vingine.

"Vya nini?" mkewe akamuuliza. "Vinakupeleka chooni mchana kutwa, wateja wanakungoja. Viatu vinakuenea, unapumua vizuri. Nguo ikishapunguzwa, unaipunguza tena?"

Fundi alicheka hadi akaondoa mguu kwenye pedali. Alisema amekaa na daktari ndani ya nyumba na hakujua. Mke naye alicheka, na siku nzima alijisikia mwerevu. Kesho yake hakuna aliyekwenda popote.

Wiki ya sita uvimbe ulirudi, ukapanda hadi tumboni. Alipofikishwa wodini alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Daktari yuleyule alisoma faili, akauliza nani alimwambia mgonjwa aache dawa. Mke alifungua mdomo. Fundi akasogeza kando kifaa cha kupumulia.

"Mimi," akasema. "Ubishi wangu."

"Moyo ulikuwa haujapona, mzee. Dawa ndizo zilizokuwa zinaushikilia. Ulipoziacha umetanuka tena, kuliko mwanzo. Tutajitahidi."

Daktari alipoondoka, mke alimsogelea. "Kwa nini umemdanganya?"

"Wewe ndiye utakayebaki na watu," Fundi akasema, akafumba macho kutafuta pumzi.

Walijitahidi siku nne. Siku ya tano, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amekwenda kusuuza kikombe, Fundi alikufa.

Msibani sebule ilijaa. Dada wa marehemu, mkubwa wao, alikaa karibu na mjane akamkumbatia mabega.

"Usijiumize, wifi yangu. Ugonjwa wa moyo hauna dawa."

Wanawake wakaitikia kwamba ndivyo ulivyo. Alichotakiwa mjane kufanya ni kuinamisha kichwa tu, na mumewe alikuwa amempa ruhusa. Lakini moyo ulimuuma mno, akaona akinyamaza sasa atanyamaza maisha yake yote.

"Dawa ilikuwepo, wifi," akasema. "Alitaka kwenda kuichukua. Mimi ndiye niliyemzuia."

Mkono wa wifi ulibaki begani kwake kitambo, kisha ukaondoka.