Nyumba Yenye Bendera

Landrova ilizima injini chini ya bendera, na Clotilda akayaacha maharage aliyokuwa akiyapepeta, akakung'uta mikono, akajifunga kanga kiunoni. Alikuwa keshajua gari lile limeleta nini. Alichokuwa hajajua ni limemletea nani.

Hata watoto walikuwa wamejifunza. Mwanzo wa vita walilikimbilia kila gari huku wakishangilia. Sasa walisimama mbali, kando ya mahindi, wamenyamaza kama wako kanisani.

Waliteremka watu wawili. Mmoja alikuwa Idefonsi, katibu kata wa chama, mtu mnene mwenye utani, ambaye siku za kawaida alianza maneno kabla hajashuka kwenye baiskeli yake. Mwingine alikuwa askari kijana, mgeni, magwanda yamemzidi mabega.

"Shikamoo, mama," alisema yule askari.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni ndani."

Idefonsi alivua kofia bila kutania. Clotilda hakushangaa. Kwa kazi hii hakuna mtu anayetania.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Clotilda alikuwa balozi wa nyumba kumi. Zamani alikuwa mumewe, na mumewe alipokufa watu walisema bendera si mbuzi wa kuhamishwahamishwa, ikae palepale ilipo. Basi wakamchagua mjane. Siku za amani ubalozi ulikuwa kuamua kesi za kuku walioingia shamba la mtu, kuwagombeza wavivu wa shamba la kijiji, na kupokea wageni. Kijiji kilikuwa kimepangwa kwa mistari wakati wa operesheni ya vijiji, nyumba zote za udongo na nyasi, huijui hii wala ile. Mgeni akiuliza njia aliambiwa: tafuta nyumba yenye bendera. Ile ya kijani, yenye jembe na nyundo.

Na pale kijijini Runazi, ndugu yangu, usidhani bendera ilikuwa hiyo moja. Watu walizisoma bendera kuliko gazeti. Alfonce akichinja ng'ombe alipachika kitambaa chekundu juu ya bucha, na mbwa wa kijiji kizima walikijua kitambaa kile kuliko wenye mbwa. Pombe ya Ildefonsa ikiiva, tambara jeupe lilisimama mlangoni kwake, na waume za watu wakakumbuka ghafla kwamba wana safari ya upande ule. Mganga Nshoma alikuwa nazo tatu uani, nyekundu, nyeupe na nyeusi, kila moja na mzimu wake. Shuleni walipandisha ya taifa kwa ngoma. Na Jumapili, uwanjani, kulikuwa na kibendera cha Theonest.

Theonest ndiye mtoto pekee aliyembakia Clotilda. Mpira hakuujua, miguu yake ilikuwa ya kulima, lakini mechi alizipenda kupita kiasi, basi wakampa kazi ya kukimbia na mstari akiwa na kipande cha kanga ya manjano kwenye fimbo. Siku moja Runazi waliwafunga Nyantakara dakika ya mwisho, uwanja ukalipuka kwa vigelegele, na Theonest peke yake amesimama, kibendera juu. Mfungaji alikuwa ameotea. Goli likakataliwa. Walimzomea mpaka nyumbani.

"We mtoto we! Si ungefumba jicho tu?" Clotilda alimwambia huku akimpakulia ugali.

"Nililiona, mama. Sasa ningelitoaje jichoni?"

Basi huyo ndiye Theonest. Alikuwa mgambo, na vita vilipoanza aliitwa pamoja na wenzake. Asubuhi ya kuondoka watoto wa shule walipewa bendera za karatasi, wakajipanga barabarani wakiimba, na lori likaondoka kuelekea kaskazini huku vijana wakicheka kama wanaokwenda harusini. Ndani ya lori lile alikuwemo pia Bukuru, mtoto wa Véronique.

Véronique alikuwa jirani, nyumba ya nne kutoka kwenye bendera. Alikuja toka Burundi mwaka ule wa mauaji, amemshika mkono mtoto mmoja, sufuria moja kichwani, na mlango wa kwanza kubisha ulikuwa wa Clotilda. Walilima pamoja, walisaidiana kuuguza, lakini neno "mkimbizi" halikuwatoka watu mdomoni, hasa wakishalewa. Bukuru alikua nalo sikioni. Siku ya kuandikisha wapiganaji alijipenyeza mbele bila kuitwa na mtu.

"Nikirudi nimevaa buti," alisema, "nione nani ataniita mkimbizi."

Waandikishaji walisita. Wakamgeukia balozi. Clotilda akasema, "Huyu ni wa nyumba kumi zangu." Alisema kwa mapenzi, akidhani anampa mtoto wa watu heshima. Véronique hakumlaumu kwa neno hata moja, ila tangu siku ile aliacha kumwita Clotilda dada. Akawa anamwita "Balozi," kama wengine.

Ndipo yakaanza magari. Taarifa ya kifo haikupelekwa moja kwa moja kwa mwenyewe. Ilishuka kwenye bendera, na balozi akawaongoza wageni hadi kwenye nyumba inayohusika. Mara ya kwanza ilikuwa kwa Eufrazia, na Clotilda alifika pale hajui hata aseme nini. Lakini mikono yake ilijua. Kabla ya salamu aliinama akaepua chungu kilichokuwa jikoni, akakiweka mbali, kwa sababu mama akipokea habari kama ile huanguka, na hakutaka aangukie moto. Kisha akawatoa watoto nje. Kisha akakaa chini ubavuni mwa Eufrazia, akamshika, ndipo akamwashiria Idefonsi kwa macho kwamba sasa anaweza kusema.

Alifanya hivyo pia kwa binti wa Alfonce, aliyeolewa mwaka uleule. Watu wakamfariji wakisema mjumbe hauawi. Ni kweli, hakuuawa. Lakini wanawake walianza kumwogopa. Akitoka tu na kanga kiunoni, hata kama anakwenda kuteka maji, wale wenye watoto vitani walisimama wakamtazama atakata kona ipi.

Kampala ilipoanguka walicheza ngoma. Clotilda alicheza mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Watu wakasema yamekwisha, magari yajayo yataleta vijana wenyewe. Lakini majuma yakapita, mvua za masika zikaanza kupungua, vijana hawajarudi. Kumbe mapigano yalikuwa yameendelea mbele huko. Ndipo Véronique akaja siku moja, akasimama uani akiitazama ile bendera, imechanika pembeni kwa upepo.

"Balozi, ishushe hiyo," alisema. "Wapotee njia."

"Nikiishusha watauliza mtoto yeyote njiani."

"Basi wachelewe hata kidogo. Ishushe."

Clotilda hakuishusha. Hakujua kama ni uaminifu au ni woga. Alichukua sindano akaishona pale ilipochanika, akairudisha juu.

Na sasa gari lilikuwa limekuja. Idefonsi amekaa kwenye kigoda, askari kwenye mkeka, na Clotilda amesimama mbele yao tayari kwa safari. Kwenye nyumba zake kumi walikuwa wamebaki wawili tu walioko vitani. Na katika kile kimya, Mungu amsamehe, aliomba. Aliomba kwa maneno kamili, moyoni: iwe kwa Véronique. Alikwisha kuiona hata njia, ule mfereji wa kuruka, ule ua wa Véronique uliofagiliwa. Alikuwa tayari kuangukiwa na mwanamke yule, kupigwa, kulaaniwa, chochote. Mradi iwe kule.

"Haya, katibu," alisema. "Twende. Ni kwa nani?"

Idefonsi alinyanyuka, akavuka chumba kwa hatua nzito, akainama jikoni. Maharage ya mchana yalikuwa yanatokota. Akakiepua chungu kwa mikono mitupu, kikamchoma, hakukiachia, akakiweka chini mbali kabisa, karibu na ukuta.

Clotilda alikitazama chungu kile.

"Kaa, mama," Idefonsi alisema. "Nakuomba ukae."

Alikaa. Hapakuwa na balozi wa kumshika, basi yule katibu mnene akapiga magoti kwenye vumbi akamshika mwenyewe, mikono imeungua, machozi yanamtiririka. Akasema lile la kusema: kwamba Theonest ameanguka akiilinda nchi, kwamba chama na serikali vinampa pole. Maneno yalikuwa yaleyale. Clotilda aliyajua mpaka mwisho wake.

"Wewe ulikuwepo?" alimwuliza askari.

"Nilikuwepo, mama."

"Alikuwa amekula?"

"Tulikuwa tumekula, mama. Tulichoma mihogo. Yeye ndiye aliyemenya."

"Na nani amemzika?"

"Sisi wenyewe. Bukuru ndiye aliyechimba. Alikataa kupokewa jembe, akachimba peke yake hadi mwisho."

"Bukuru yu mzima?"

"Yu mzima, mama."

Clotilda aliitikia kwa kichwa. Kilio kilikuwa kimemkaa kifuani kama tonge lisiloshuka, hakitoki wala hakirudi.

Nje, Véronique alikuwa amengoja. Aliliona gari tangu lilipokata kona. Alifagia ua wake uliokwisha kufagiliwa, akaweka ufagio, akaushika tena. Aliwangoja watoke. Hawakutoka. Alipoona hawezi tena kungoja kifo kije kwa miguu yake, alikifuata mwenyewe, mbio, bila kanga ya juu, akasimama mlangoni kwa Clotilda akihema.

"Mbona hamji?" alisema. "Mnaogopa nini? Niambieni tu. Ni Bukuru?"

Hakuna mwanamume aliyefungua mdomo. Basi Clotilda, kutoka pale chini alipokaa, akafanya kazi yake.

"Siyo wewe, Véronique. Bukuru yu mzima."

"Imana ishimwe!"

Lilimtoka kwa nguvu, kwa lugha ya mama yake, mikono juu, uso umefunguka kwa furaha. Mungu asifiwe! Kisha macho yake yakalizoea giza la ndani. Akamwona Idefonsi amepiga magoti. Akakiona chungu ukutani. Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, kana kwamba neno lile linaweza kurudishwa.

"Yesu na Maria," alisema. "Dada. Dada, nisamehe."

"Usione haya," alisema Clotilda. Sauti yake ilikuwa kavu. "Gari liliposimama, niliomba iwe kwako."

Véronique alishuka chini akakaa naye, bega kwa bega.

"Najua," alisema. "Na mimi nimekuwa nikiomba iwe kwako. Kila nikiamka. Kila nikikuona unateka maji."

Hawakutazamana. Idefonsi na askari walitoka nje polepole, wakasimama kando ya gari, hawajui pa kuweka mikono. Mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Nyamigogo na matone ya kwanza yalianza kupiga vumbi. Bendera ililoana taratibu juu ya mlingoti, hakuna aliyekumbuka kuianua.

"Watu lazima waambiwe," alisema Clotilda.

"Nitakwenda mimi."

"Hujawahi."

"Niambie naanzia wapi."

"Kwa Eufrazia. Usikimbie, ukikimbia watoto wataogopa. Ukifika, tazama kwanza moto uko wapi." Akafunga upya fundo la kanga. "Kwa mzee Alfonce piga kelele kidogo, hasikii vizuri."

Véronique alivua kitambaa chake cha kichwa, akajifunga kiunoni, akatoka mvuani.

Clotilda alibaki peke yake na chungu. Miezi yote ile alikuwa akitembea mbele ya kilio, akikiacha nyuma yake nyumba baada ya nyumba. Hakuwahi kukisikia kikija. Sasa alikisikia. Kilianza kwa Eufrazia, sauti nene, ya mtu anayeujua msiba huo kwa jina. Kikanyamaza, mvua ikasikika, kikazuka kwa Alfonce, sauti ya yule binti mjane, kisha ya mzee mwenyewe, amechelewa kuelewa. Kikavuka mfereji. Kikaingia kwa Ildefonsa, na wanywaji waliokuwa wakiimba wakakatika katikati ya wimbo. Clotilda alizitambua sauti zote, moja moja, kwa jinsi alivyowafahamu watu wake, na kila iliyozuka ilikuwa karibu kidogo kuliko iliyotangulia.

Alipozisikia nyayo kwenye tope la uani kwake, nyingi, zisizo na haraka, alijisogeza ukutani, akawaachia nafasi kwenye mkeka.