Rekoda Isiyo na Taa

Mara tatu mfululizo, arusi alizorekodi Asenath ziliharibiwa na vigelegele. Si kwamba alivichukia. Mama yake mwenyewe alikuwa bingwa wa kuvipiga. Ila rekoda aliyotumia ilikuwa ya kujipima sauti yenyewe, na kila kigelegele kilipoiparamia, ilijikunja kama kobe na kuyameza maneno yaliyofuata. Bwana arusi wa mwisho aliulizwa mbele ya kanisa zima kama anakubali, na kwenye kanda hakuna aliyekubali chochote.

Ndiyo maana, Julai hiyo ya mwaka 1985, alisimama katika duka la Bulle kule Eastleigh akiwa amefura, huku Matheka, mwenzake mwenye kamera ya video, akiikumbatia redio kaseti iliyong'aa.

"Cheki taa zake," Matheka alisema. "Watu wakiona hii, wanajua tumefika."

"Taa zinanasa sauti?"

"Na hiyo yako? Hiyo ni rekoda ama ni kopo la biskuti?"

Aliyoichagua Asenath ilikuwa ya kijivu, imechubuka pembe zote. Lakini ilikuwa na kitufe cha kuzungusha kwa mkono, na mshale mdogo wa kuonyesha sauti imepanda wapi. Vigelegele vikija, unashusha, vikiisha, unapandisha. Bulle, aliyekuwa amewasikiliza wakibishana hadi chai yake ikapoa, aliishiwa na subira.

"Dada anachagua kwa sikio, wewe unachagua kwa jicho," alimwambia Matheka. "Chukueni hiyo yake mniachie duka langu."

Asenath hakuwa na nafasi ya kukosea tena. Jumamosi ilikuwa arusi ya Benta kule Makongeni, na Jumatatu baba yake Benta, Mzee Zedekiah, angepasuliwa koo. Daktari hakumficha: sauti yake haingerudi. Benta aliomba jambo moja tu, kwamba baraka za baba yake zinaswe neno kwa neno.

"Picha zake ninazo," alisema. "Sauti ndiyo sina."

Alhamisi walikwenda nyumbani kwa mzee kuijaribu mashine. Asenath alimwomba kwa adabu ahesabu moja hadi kumi. Mzee alikuwa amechoshwa na watu wa kumpima. Sauti yake ilikwaruza, lakini bado ilikuwa na ukali wake.

"Moja, mbili, tatu! Mimi nimehesabu mabehewa ya reli miaka thelathini, leo mnanifundisha kuhesabu? Benta! Hawa wageni wako umewapa chai? Na usisimame hapo mlangoni, baridi itakuingia kifuani. Umevaa sweta? Huyu mtoto hasikii. Tangu azaliwe hasikii!"

Mshale ulicheza vizuri. Asenath aliridhika, akamkabidhi Matheka rekoda. "Irudishe kanda mwanzo. Arusi tutairekodi juu ya haya. Usisahau, tafadhali."

Jumamosi, wakati wa baraka ulipofika, mzee alisimama na ukumbi wote ukanyamaza. Asenath alipandisha kitufe, akapandisha tena, mpaka mwisho. Mshale ulilala palepale. Mzee alifungua kinywa, akafunga, akafungua tena. Siku mbili zilikuwa zimeutosha ugonjwa kumaliza kazi yake. Kwenye vipokea sauti alivyovaa Asenath masikioni kulikuwa na pumzi tu, na kiti kimoja kikilia mahali.

Ndipo shangazi yake Benta, Aloo, akapiga kigelegele. Wanawake wakadakia kutoka kila pembe, wakamfunika mzee kwa shangwe mpaka akaketi na heshima yake. Asenath hakushusha kitufe. Aliacha kelele zile zimchane masikio huku machozi yakimtoka, na siku hiyo hakumlaani mtu.

Hasira ilirudi Jumatatu, alipoketi kuisikiliza kanda.

"Matheka! Mbona arusi haianzii mwanzo wa kanda? Nilikwambia uirudishe mwanzo!"

"Nilisahau."

"Unasahau! Kila siku unasahau! Hicho kichwa chako ni pakacha?"

Aliirudisha kanda mwenyewe hadi mwanzo kabisa, akibonyeza kana kwamba anamfinya Matheka.

"Moja, mbili, tatu!" rekoda ikafoka.

Asenath aliiacha kanda iendelee. Matheka, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi zaidi, alisubiri, lakini hayakuja.

Mwezi ulipopita, Benta alimleta baba yake kwenye chumba chao cha kazi, mtaani Jericho. Mzee alikuwa amezungusha skafu shingoni, na mfukoni alibeba daftari la kuandikia alichotaka kusema. Asenath aliiweka kanda ile kwenye rekoda. Alibonyeza tu, akasogea kando.

Mzee alijisikiliza akigomba kuhusu mabehewa, akigomba kuhusu chai. Benta alikuwa ameinamia meza.

"Umevaa sweta?" rekoda iliuliza.

"Nimevaa, baba," Benta aliijibu.

Hakuwa amevaa. Mzee aliitazama mikono mitupu ya binti yake, akatikisa kichwa kwa kuudhika, kisha akaanza kufungua vifungo vya koti lake.